Maalim Seif alitutajia maradhi yake. Wengine wanangoja nini?

Mhariri,

Assalaam aleikum. Makala ya maoni mliyoichapisha Jumapili iliyopita, ile iliyotaka wanasiasa waliovuka miaka 70 wazuiwe kisheria kugombea, niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikubaliana nayo karibu yote. Mara ya pili nikakwama pale mwandishi alipomtaja marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani wa Zanzibar, kuwa mfano wa mzee aliyeng'ang'ania siasa mpaka kaburini. Naomba nafasi nimjibu, maana kwetu Wete jina hilo halipiti hivi hivi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi. Nimezaliwa Pemba, nimesomesha Pemba na nimeolewa Pemba. Nyumba niliyokulia ilikuwa ya chama cha Afro-Shirazi, kisha ya CCM, chama tawala. Nyumba niliyoolewa ilikuwa ya CUF, chama cha upinzani cha Maalim, tangu kilipoanzishwa. Nimewahi kumpenda Maalim na nimewahi kumchukia, na kuna siku niliamka na moja nikalala na jengine.

Aliye mbali na visiwa hivi huenda hajui tuligawanyika kiasi gani. Katika uchaguzi wa rais wa Zanzibar wa 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kupata kura 165,271 na Maalim Seif 163,706. Tofauti ni kura 1,565, pungufu ya watu wanaojaa uwanja mdogo wa mpira siku ya fainali. Kutoka hapo tukaacha kuzikana. Nalitumia neno hilo kama tulivyolitumia wenyewe: hatuzikani. Mwenye chama kile hanunui chumvi duka la mwenye chama hiki. Mama yangu alipofariki, 1997, siku ya khitma palitandikwa majamvi mawili uani, moja upande wa mwembe na moja upande wa jiko, na kila mtu alijua lake bila ya kuelekezwa. Kaka yangu mkubwa alikaa upande wa mwembe. Mume wangu, aliyemuuguza mama kwa mikono yake, alikaa upande wa jiko. Mimi nilipakua pilau ya sufuria moja nikaigawa pande mbili.

Kaka hakuwa akilitaja jina la Maalim. Alisema "yule". Baada ya Januari 2001, pale maandamano ya CUF yalipopigwa risasi, watu zaidi ya 30 wakafa na wengine karibu elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya, mume wangu naye alikataa kusalimiana na kaka kwa miaka. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu na kwa kaka mtu huyo alikuwa "yule".

Basi mwandishi wenu anaposema Maalim alikuwa mtu wa kugawa watu, simpingi. Niliishi ndani ya mgawanyiko huo. Na anaposema aligombea urais wa Zanzibar mara sita, 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020, pia ni kweli, na nina lawama yangu hapo. Kwa miaka 25 upande ule haukuwa na jina jengine katika karatasi ya kura. Vijana niliowasomesha mimi, wenye akili na ndimi kali, walizeeka wakisubiri zamu. Alipohama CUF mwaka 2019 baada ya ule mgogoro mrefu wa mahakamani, wafuasi wakaimba shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee, wakaingia chama cha ACT-Wazalendo. Nahodha akabaki yule yule, na miaka yake ilikuwa 75. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya wanangu: mzee huyu apumzike sasa. Sikutaka kumwona akigombea 2020.

Lakini tukipiga hesabu kwa kanuni ya mwandishi wenu tutaona nini? Maalim alizaliwa Oktoba 1943. Mlango ungefungwa 2013. Desemba 2020, baada ya uchaguzi uliomwaga damu hapa Pemba na matokeo yaliyompa asilimia 19 na kitu, wengi katika chama chake walitaka wasusie kila kitu. Yeye, mwenye miaka 77, alikula kiapo tarehe 8 mwezi huo kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar chini ya Dk. Hussein Mwinyi wa CCM. Kuna waliomwita msaliti. Mume wangu hakulala usiku ule. Ila mie nilikumbuka Novemba 2009, alipokwenda Ikulu kuonana na Rais Amani Karume wa CCM, na wafuasi wake wakalipokea jambo lile kwa uchungu vile vile. Miezi karibu tisa baadaye tukapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 tukasema ndiyo, na kaka na mume wangu wakaanza kusalimiana mlangoni. Kijana wa miaka 40, mwenye njaa ya kura za uchaguzi ujao, angeweza kuwaudhi watu wake namna ile mara mbili? Sina uhakika.

Hayo ni ya siasa na kila mtu atasema lake. Kilichonikalisha kuandika ni zile wiki tatu za mwisho, ambazo makala yenu haikuzigusa.

Mkumbuke Januari 2021 ilivyokuwa. Takwimu za korona nchini zilikuwa zimesimama tangu mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kama kwamba kalenda ilikatika hapo. Tuliambiwa maradhi yameondoka. Tarehe 27 Januari, Rais Magufuli akiwa Chato, aliwatahadharisha watu juu ya chanjo. Na huku mitaani watu walikuwa wakikohoa. Kila nyumba ilikuwa na nyungu: mwarobaini, mchaichai, malimau, mtu amejifunika blanketi anatoka jasho. Maradhi yenyewe hayakuwa na jina. Yaliitwa "changamoto ya upumuaji", au "nimonia", au "hali ya hewa hii".

Shemegi yangu alifariki katikati ya mwezi ule. Aliugua siku sita. Hospitali tuliyompeleka sitaitaja, maana waliokuwa pale nao waliambiwa wanyamaze kama tulivyoambiwa sisi. Tulipouliza ana nini, daktari kijana, macho yake yamewiva kwa usingizi, aliangalia chini akasema, "Bibi, ni changamoto ya upumuaji, mumuombee dua." Tulimrudisha nyumbani. Walimuosha watu wanne, mikono mitupu, chumba kidogo cha dirisha moja. Matanga tulikaa siku tatu tumebanana kama dagaa, tunapokezana glasi ile ile ya maji. Wawili katika wale wanne waliugua wiki iliyofuata. Mmoja alipona. Laiti yule daktari angeruhusiwa kusema neno moja tu, tungelivaa glavu, tungelifungua dirisha.

Tarehe 31 Januari ACT-Wazalendo wakatoa taarifa kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais amepimwa, amekutwa na korona na yuko Hospitali ya Mnazi Mmoja anatibiwa. Walilitaja jina la maradhi. Kiongozi wa juu serikalini, mzee wa miaka 77, mwanasiasa ambaye maadui zake walikuwa wakisema kwa miaka kwamba amechoka, ni mgonjwa, hana nguvu tena, akakubali watu waambiwe mwili wake una nini.

Siku ile kaka alikuwa kwangu baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa tunakunywa kahawa, yeye kwenye kigoda chake karibu na mlango. Mwanangu akaingia na simu akatusomea. Kaka aliweka kikombe chini.

"Kasema mwenyewe?"

"Chama chake ndio kimetangaza, mjomba. Kwa idhini yake."

Akakaa kimya muda mrefu, akikizungusha kile kikombe juu ya sakafu kwa kidole.

"Basi yapo," akasema.

Hakusema jengine. Kesho yake hakwenda barazani, yeye ambaye kwa miaka 30 hakuikosa baraza ile hata siku ya mvua ya masika. Akaniletea kanzu kuukuu akanambia nimshonee barakoa, na nyengine za wajukuu. Ana sukari, na wakati ule alikuwa na miaka 74. Daktari hakumshawishi, redio haikumshawishi, mimi mdogo wake nilimsihi tangu shemegi alipofariki nikaambiwa nina woga wa kike. Alimwamini mtu aliyempinga maisha yake yote, kwa sababu alijua mwanasiasa hana faida yoyote kwa kujitangaza mgonjwa. Kaka yuko hai mpaka leo. Siwezi kuthibitisha kwamba ni kwa ajili ya tangazo lile. Naamini hivyo.

Maalim alihamishiwa Muhimbili tarehe 9 Februari na akafariki tarehe 17. Rais Mwinyi alitangaza msiba na siku saba za maombolezo, kwa maneno ya heshima. Maradhi hayakutajwa. Ule uwazi wa wiki mbili na nusu nyuma ukafungwa hapo hapo. Akazikwa kesho yake kwao Mtambwe, ambako ukisimama bandarini Wete unakuona ng'ambo ya maji. Sisi wanawake tulibaki majumbani tunasoma Yasini. Kaka aliondoka asubuhi na mapema bila ya kuniaga. Alirudi karibu na magharibi, tope la mikokoni limemganda mpaka kwenye magoti, akaomba maji ya kuoshea miguu. Nilipomuuliza katoka wapi akanambia, "Nimekwenda kumzika Maalim." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo mdomoni mwake.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe ile ile 17, tulitangaziwa kifo cha Rais Magufuli, baada ya zaidi ya wiki mbili za kutomwona hadharani, na watu walikuwa wameshakamatwa kwa kuuliza alipo. Usiku ule wa msiba ndipo tuliposikia kwamba alikuwa na maradhi ya moyo kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka 61. Ningependa mwandishi wenu alitafakari hilo. Sheria yake ya umri ingemgusa Maalim, aliyesema. Isingemgusa kabisa yule ambaye nchi nzima haikuambiwa.

Najua wengine watasema maradhi ya mtu ni sitara yake na dini yetu inatufundisha kusitiriana. Ni kweli kwangu mimi na kwa jirani yangu. Aliyeomba kura ili ashike hazina, jeshi na hospitali za watu, mwili wake umeingia katika amana. Cameroon, Oktoba 2024, waziri alipiga marufuku vyombo vya habari kujadili afya ya Rais Paul Biya, ambaye alikuwa na miaka 91 na hajaonekana kwa wiki kadhaa. Kule umri ni mkubwa kuliko wa Maalim, na siri ni kubwa zaidi. Katiba ya Muungano, ibara ya 37, inasema Baraza la Mawaziri likiona Rais hawezi kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, laweza kupeleka azimio kwa Jaji Mkuu, naye akateua bodi ya utabibu ya watu wasiopungua watatu. Nimeisoma ibara hiyo na miwani yangu mara nyingi. Mwananchi sikumwona humo. Mawaziri watajua, jaji atajua, madaktari watajua. Yule aliyepanga foleni toka alfajiri kupiga kura atasikia kwenye kaswida za redioni.

Kwa hiyo, Mhariri, badala ya kuhesabu miaka ya wazee, nakuombeni gazeti lenu lifanye jambo ambalo halihitaji sheria mpya. Kila mgombea wa nafasi kubwa, awe na miaka 45 au 80, mwandishi wenu amuulize mbele ya watu: unatibiwa nini, na ukilazwa nani atatwambia, baada ya siku ngapi? Jibu mlichapishe kama lilivyo. Akikataa kujibu, mchapishe kwamba amekataa. Wazee tutakaosoma tunajua kupima wenyewe, tumeshazika wengi.

Kaka ameisoma barua hii kabla sijaituma. Ameniomba niongeze kwamba kuhusu kufutwa kwa uchaguzi wa 2015 bado hakubaliani na mimi, na kwamba sufuria ile ya khitma ya mama ilikuwa ya wali wa nazi, haikuwa pilau. La sufuria huenda yuko sahihi.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba