Mbio za kupigania maji zisikimbiwe kwa kiu

Ndugu Mhariri,

Machi 22, Siku ya Maji Duniani, inapokaribia, husikika mipango ya mbio ndefu za kuwazindua watu kuhusu uhaba wa maji. Tunaziunga mkono kwa moyo wote. Lakini wapo wanaopendekeza wakimbiaji wasinywe kitu njiani, ili waonje kiu ya wasio na maji. Tunaomba wazo hilo liachwe.

Anayekimbia kwenye joto hutokwa na jasho nusu lita hadi lita 2 kwa saa. Upungufu ukizidi asilimia 2 hivi ya uzito wake, moyo huanza kwenda mbio kuliko miguu na joto la mwili hupanda. Likivuka nyuzi 40 na mtu akaanza kuweweseka, hicho ni kiharusi cha joto. Apoozwe palepale kwa maji baridi mwili mzima, ndipo akimbizwe hospitali. Mbio zisizo na maji ya kutosha hazina hata ya kumwokoa huyo.

Kunywa kupita kiasi nako kunaua. Maji matupu yakizidi jasho, chumvi ya damu huzimuliwa na ubongo huvimba. Dalili ni vidole kuvimba, kichwa kuuma, kichefuchefu, na uzito kupanda badala ya kushuka. Wahudumu wengi hudhani ni kiu, wakamwongezea maji, na hapo ndipo wanapomharibia.

Dawa ni mizani. Mkimbiaji apimwe kabla na baada ya mazoezi. Akianza na kilo 60, akamaliza saa 2 akiwa na 58.8, na njiani amekunywa lita 0.8 bila kwenda haja, basi ametoa jasho lita 2, yaani lita 1 kwa saa. Si lazima airudishe yote akiwa barabarani. Anywe kiu inapomwita, asizidishe kipimo hicho.

Sasa hesabu ya waandaaji. Wakimbiaji 200, nusu lita kwa saa, kwa saa 5, ni lita 500, au madumu 25 ya lita 20. Kiwango cha chini kinachotumika kwenye misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Maji hayo yangewatosha watu 33. Hesabu hiyo iandikwe kwa herufi kubwa pale kwenye tangi la kujazia, kila mmoja aione akichota kwa kikombe chake mwenyewe. Kwetu sisi, hilo linafundisha kuliko fulana elfu. Chupa ndogo za plastiki zisiwepo kabisa, na tangi lisijazwe kwenye kisima ambacho wenyeji wanakipangia foleni.

Jambo jingine ni mifupa. Mina Guli wa Australia alianza mwaka 2018 kukimbia marathoni 100 kwa siku 100 kwa ajili ya maji. Baada ya 62 mfupa wa paja ulivunjika, na watu wa nchi mbalimbali wakamkimbilia kilomita zilizobaki. Baadaye alitawanya marathoni 200 katika mwaka mzima, akazikamilisha New York Machi 2023. Mfupa unaopigwa kila siku hukosa muda wa kujijenga. Anayetaka mfululizo wa siku nyingi apange kupokezana tangu mwanzo, asingoje kuvunjika.

Na kama ishara inahitajika, ipo ya dumu. Huduma ya msingi ya maji kimataifa ni kwenda, kupanga foleni na kurudi ndani ya dakika 30. Basi baada ya mstari wa mwisho, watazamaji, si wakimbiaji waliochoka, wabebe maji kwa mwendo wa dakika 15. Wasiozoea waanze na lita 5. Dumu lililojaa ni kilo 20, na shingo isiyozoea haiwezi kulihimili.

Wakufunzi wa mbio ndefu