Barua ya kufunga muhula wa pili kwa wazazi na walezi

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Kigoma.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA KAZI YA KLABU YA FILAMU

Salaam. Shule imefungwa na mwanao amekuja na ripoti yake. Tarehe ya kufungua, mchango wa chakula na mahitaji ya mwakani yameandikwa nyuma ya ripoti hiyo. Naomba uyasome na uweke sahihi. Kidato cha Pili na cha Nne wamemaliza mitihani ya taifa salama, tunasubiri matokeo ya Baraza la Mitihani.

Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo moja. Wazazi kadhaa wameniuliza, wengine kwa uchungu, kwa nini watoto wa Kidato cha Kwanza na cha Tatu walionekana jioni wakihangaika na kamera. Wana haki ya kuuliza. Nitajibu kwa niliyoyaona, maana hata mimi nimo katika filamu hiyo.

Zoezi lenyewe ni dogo, la aina waliyokuwa wakipewa wanafunzi wa masomo ya habari kule Uingereza: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Watoto waliomba ofisi yangu, nami nikawa huyo mwenzake. Binti wa Kidato cha Tatu anaingia na bahasha, anaketi, ananiomba ruhusa ya kwenda Ujiji kumuuguza bibi yake. Sekunde arobaini hivi. Kamera ni simu inayokaa kwa mwalimu wa klabu. Wanafunzi bado hawaruhusiwi simu shuleni.

Walishuti siku mbili, vipande vikaunganishwa kwenye kompyuta, tukakaa kutazama. Nje, binti anasukuma mlango kwa mkono wa kulia. Ndani, anaushika kwa kushoto na bahasha imehamia kulia. Sweta lililofungwa vifungo vyote, akishaketi viwili viko wazi. Saa ya ukutani nyuma yangu ndiyo iliyonishtua: namuuliza bibi anaumwa nini ikiwa saa tisa na robo, nami namwitikia jibu lake ikiwa saa tisa kasoro dakika tano. Akisema yeye, mvua inapiga bati. Nikisema mimi, kimya. Kila kipande peke yake kilikuwa kizuri, lakini vilipokaa pamoja sikumfikiria tena bibi mgonjwa, nilikuwa natazama saa.

Hapo ndipo watoto walipoelewa mwendelezo ni nini, yaani vipande kuungana vikaonekana tukio moja lisilokatika. Filamu mara nyingi haishutiwi kwa mfuatano wa hadithi. Maneno yangu yote yalichukuliwa siku moja, ya binti siku nyingine, na mtazamaji anatakiwa aamini ni mazungumzo ya dakika ileile. Ndiyo maana watengeneza filamu huwa na mtu wa kontinyuiti, yaani wa mwendelezo huo, ambaye kazi yake ni kuandika kila kitu kilivyokuwa kabla kamera haijazimwa.

Kosa gumu zaidi kulieleza lilikuwa la upande wa kamera. Mwalimu wao alitumia mpira. Ukikaa jukwaani pale Uwanja wa Lake Tanganyika unaona timu inashambulia kulia. Vuka ukakae ng'ambo, timu ileile inashambulia kushoto. Wewe uliyevuka kwa miguu yako hupotei, lakini anayetazama televisheni, picha ikimrukia ghafla hivyo, ataona timu inalishambulia goli lake yenyewe. Basi kati ya kiti changu na cha binti kuna mstari usioonekana, na kamera inatakiwa ibaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Wao, kwa kukwepa mwanga wa dirisha, waliuvuka. Tukatokea wote wawili tunatazama upande mmoja, kama abiria wa siti moja kwenye treni.

Walirudia kazi yote. Betri ya saa ilitolewa. Miguu ya viti ilizungushiwa chaki sakafuni. Kijana wa Kidato cha Kwanza alipewa daftari, na nimelisoma: "Bahasha kushoto. Vifungo vyote. Mwalimu amevua miwani baada ya neno 'lini'." Binti alifungua mlango mzima mara mbili, nje na ndani, ili mhariri akate katikati ya mwendo, kwani jicho likifuata mkono unaosukuma mlango halioni kiungo. Mwisho tulisimama wote kimya dakika moja, wakarekodi sauti ya chumba kitupu, ya kutandika chini ya maneno yetu.

Sekunde moja ya filamu yao ina fremu 25, yaani picha moja moja zinazofuatana. Nilikuta wanabishana kama wakate mlangoni fremu nne mapema, yaani chini ya moja ya tano ya sekunde. Nikaonyeshwa njia zote mbili. Katika ya pili mlango ulifunguka mara moja tu, na binti akaingia.

Yule mwenye daftari ni mtoto ambaye ripoti yake ya Juni niliandika kwa mkono wangu kwamba hasomi swali kabla ya kujibu. Sidai kwamba filamu imempandisha Hisabati. Nasema nimemwona akihesabu vifungo vya sweta kabla ya kila shoti, yaani kila kipande kinachorekodiwa, bila kuambiwa, na nimefurahi sana.

Kwa hiyo klabu itaendelea mwakani, siku za Ijumaa baada ya vipindi. Kwa likizo wamepewa kazi: kupiga picha za mtu mmoja wa nyumbani akifanya kazi yake, iwe kukamua mawese, kuanika dagaa au kusuka nywele, kwa shoti zisizopungua tano. Naomba umwazime simu kwa saa moja, ukiwa naye. Akikuomba urudie kumimina maji sufuriani, rudia kwa mkono uleule, na usibadilishe kanga mpaka amalize.

Wako katika malezi,

Mkuu wa Shule