Tarehe ya mwisho ya kompyuta za ofisi inajulikana, iwekwe kwenye bajeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi, hasa wale ambao bila saini yao hakuna kinachonunuliwa. Mimi ni fundi wa kompyuta, mwajiriwa. Kazi yangu ni kuhakikisha asubuhi mashine za wenzangu zinawaka, printa inachapa na barua pepe zinafika. Katika kazi hii hakuna kinachoniumiza kama kuona ofisi yenye watu makini inaendelea kutumia mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ambao watengenezaji wake wameshaacha kuuhudumia, na kila mwenye kuhusika analijua hilo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Mfumo huo ulitoka Julai 2015, na kikomo chake kilitangazwa tangu ulipotoka. Kabla yake Windows 7 ilifikia mwisho tarehe 14 Januari 2020, na Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Hakuna hata mara moja tuliposhtukizwa. Kila tarehe hizi zilipokaribia niliandika dokezo, likapanda juu, likarudi limeandikwa pembeni kwa wino: "Isubiri bajeti ijayo." Bajeti hiyo ikifika, kompyuta hazimo.

Tatizo ni kwamba kompyuta haizimiki siku huduma inapokoma. Inawaka kesho kama ilivyowaka jana, barua zinaandikwa, mishahara inapigwa hesabu. Mkuu akipita akaiona, anauliza kwa nini tunataka kubadili kitu kinachofanya kazi. Kilichokoma ni kile asichokiona. Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft hutoa masasisho ya kuziba mianya ya usalama iliyogunduliwa. Mfumo ulioachwa haupati. Na kuna jambo jingine ambalo nimejitahidi sana kulieleza vikaoni: sasisho la mfumo mpya linapotoka, wadukuzi hulichambua, hulinganisha programu kabla na baada ya kuzibwa, wakajua mwanya ulikuwa wapi. Kwa kuwa mifumo hii imerithiana sehemu kubwa ya ndani, mara nyingi mwanya huo huo upo kwenye mfumo wa zamani pia, na huko hautazibwa. Kwa hiyo mashine ya zamani haibaki na hatari ile ile iliyokuwa nayo siku ya mwisho wa huduma. Hatari inaongezeka kila mwezi, hata kama hakuna aliyeigusa.

Watakaosema ninatisha watu wakumbuke tarehe 12 Mei 2017, siku programu haribifu ya WannaCry ilipoenea duniani ikifunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za umma za England ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na magari ya wagonjwa ya dharura yakaelekezwa kwingine. Serikali ya Uingereza baadaye ilikadiria hasara kuwa pauni milioni 92. Watu wengi hudhani mkosaji mkuu alikuwa Windows XP, lakini mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Sasisho la kuziba mwanya ule lilitolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Lilikuwepo, ni bure, na halikuwekwa. Mwezi mmoja na nusu baadaye shambulio jingine, NotPetya, lilitumia mwanya ule ule pamoja na njia nyingine, na kampuni ya meli ya Maersk ikakadiria kupoteza kati ya dola milioni 250 na 300. Hata baada ya dunia nzima kuonywa, bado kulikuwa na mashine ambazo hazijaguswa.

Siamini kwamba wakuu wote wanaochelewa ni wabahili au wazembe. Nimekaa katika kazi hii vya kutosha kujua kinachowafunga. Ofisi inakuwa na programu ya mishahara iliyoandikwa zamani, inafunguka kwa Internet Explorer tu, kivinjari cha zamani cha intaneti, na aliyeiandika ameshaondoka na hakuna mwenye nakala ya kazi yake. Maabara inakuwa na mashine ya vipimo ya bei kubwa, nzima kabisa, lakini kompyuta inayoiendesha ina XP, na aliyeiuza anasema ukibadilisha chochote dhamana imekufa. Hapo hata mimi fundi sina jibu la siku moja.

Microsoft nao wana lawama yao, na nitaisema. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine zenye prosesa (chipu kuu ya kompyuta) za kampuni ya Intel inataka, isipokuwa chache, za kizazi cha nane na kuendelea. Ninazo mashine zenye diski za kasi za SSD na kumbukumbu ya kutosha, zina kasi, hazijawahi kusumbua, na zimekataliwa. Ofisi ikitaka kuongezewa muda kwa Windows 10 inalipia dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Jumla ya miaka mitatu ni dola 427 kwa mashine moja, na ukichelewa kujiunga utadaiwa pia mwaka uliopita. Serikali ya Uingereza ilionja gharama za aina hiyo mwaka 2014, ilipolipa zaidi ya pauni milioni 5 ili XP iendelee kuhudumiwa mwaka mmoja zaidi. Fedha hizo hazinunui kompyuta hata moja.

Lakini sababu hizo zote, Mhariri, hazielezi kwa nini mzigo unamwangukia mtu wa chini. Mahali nilipowahi kufanya kazi, mhudumu wa masijala alifungua kiambatisho kilichokuja kama ankara. Kufungua ankara ndiyo kazi yake. Mashine yake ilikuwa bado na Windows 7 wakati huduma yake ilikwisha koma siku nyingi. Mafaili yakafungwa, na ya kompyuta za jirani pia. Nilirudisha yale niliyokuwa na nakala zake kwenye diski ya nje ambayo huwa naichomoa. Yaliyobaki yalichapwa upya kutoka kwenye majalada ya karatasi, na aliyekaa jioni baada ya jioni kuyachapa ni yeye. Juu ya hayo alipewa barua ya kujieleza. Aliyeandika "Isubiri bajeti ijayo" hakuombwa maelezo. Hilo silisahau, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi kwa mkupuo. Ofisi zinachukulia mfumo endeshi kama meza na makabati, vitu vya kununuliwa mara moja. Basi kwenye daftari la mali, pale panapoandikwa namba ya kompyuta na tarehe ya kununuliwa, iandikwe na tarehe ambayo mfumo wake utaacha kuhudumiwa, na fedha za kuibadilisha zianze kutengwa kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza. Zabuni ya kifaa chochote chenye kompyuta ndani imbane muuzaji kwa maandishi kwamba atakisasisha kwa muda wote kinaotarajiwa kutumika. Mashine isiyobadilika kwa sasa, kama ile ya maabara, itengwe na mtandao wa ofisi, isifungue barua pepe wala intaneti.

Kwa mashine nzuri zilizokataliwa na Windows 11, mafundi turuhusiwe kujaribu Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, hupata masasisho ya bure kwa miaka mitano. Haitamfaa mwenye programu inayotaka Windows tu, lakini kwa anayeandika barua, kujaza majedwali na kutumia mtandao inatosha, nimeijaribu.

Na wakaguzi wa hesabu, ambao huja kuhesabu hadi viti, wakifika kwenye kompyuta waulize inatumia mfumo gani, sasisho la mwisho liliwekwa lini, na nani alikataa ombi la kuibadilisha. Jibu liandikwe kwenye ripoti likiwa na cheo cha mhusika. Orodha ya mashine zote ninazozihudumia, na tarehe zake, ninayo tayari. Anayehitajika ni mwenye mamlaka wa kuiitisha.

Msomaji wenu,
Fundi wa kompyuta