Barua kwa somo: kona za tuta la Waal

Zaltbommel, Uholanzi
Jumapili jioni

Somo yangu Zuhura,

Ama baada ya salamu nyingi kwako na kwa mama, mimi sijambo, ila miguu ndiyo haisemeki. Jana niliazima baiskeli nikafuata tuta la mto Waal kuelekea magharibi, nikavipita vijiji vya Gameren, Nieuwaal, Zuilichem na Brakel, hadi ngome ya Loevestein. Najua ulitaka picha za vinu vya upepo. Hivyo viko Kinderdijk, 19 kwa pamoja, na watalii wake; siku nyingine. Huku nilikopita, cha kutazama ni barabara yenyewe.

Barabara imepita juu ya tuta. Kulia una mto na malisho ya ng'ombe, kushoto unaziangalia nyumba kutoka juu, mapaa yake karibu uyaguse kwa mguu. Unakwenda, njia imenyooka, mara inapinda ghafla, inazunguka kidimbwi cha mviringo, kisha inarudi ilikokuwa ikielekea. Wenyewe wanakiita wiel. Nilikaa ukingoni mwa kimoja nikala mkate wangu: mayungiyungi, bata wawili, mzee na ndoana yake. Nikadhani kimechimbwa kwa ajili ya samaki. Kumbe pale ndipo tuta lilipobomoka zamani! Maji yakipenya hapo huchimba shimo ambalo kina chake huweza kupita mita 10. Kwa sepetu na mikokoteni nani angelifukia? Wakaliacha, wakajenga tuta jipya kulizunguka. Baada ya kuambiwa hivyo sikuweza tena kupita kona yoyote bila kujiuliza usiku ule tuta lilipobomoka watu wa hapo walilala wapi.

Zamani kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza. Aliyeshindwa alichomeka sepetu yake tutani na kuondoka, na aliyeichomoa ndiye aliyerithi shamba pamoja na mzigo wa tuta. Wana na msemo wao: asiyetaka kujenga tuta, na ahame. Hawa watu hawana mzaha na maji, somo. Mkubwa wa matuta ana cheo chake, dijkgraaf, na hadi leo bodi za maji zina uchaguzi wake.

Brakel ndiko nilikokaa sana, na sikukufurahia. Nilitarajia kijiji cha zamani kimebanana juu ya tuta, kama vile vya kwenye picha. Miaka ya 1970 serikali iliamua tuta lipanuliwe na kuinuliwa, na nyumba nyingi za watu, zile za zamani hasa, zikavunjwa. Kijiji kilikingwa dhidi ya mto, ila kikapoteza sura yake. Watu wa mabonde yote ya mito hii walikasirika, kazi ikawa ya kusuasua miaka na miaka, kila tuta na kesi yake. Halafu ikaja Januari 1995. Mito ikajaa, matuta yakalowa mpaka yakatiliwa shaka, na watu kama 250,000 wakaambiwa waondoke na mifugo yao, Bommelerwaard yote, yaani eneo hili la vijiji nilivyopita, ikiwemo. Matuta yalistahimili, wakarudi baada ya siku chache. Ubishi nao ukaishia hapo, sheria ya haraka ikapitishwa, matuta yakajengwa. Mimi bado sijui ningekuwa upande gani. Nilimkumbuka babu, walivyotolewa bondeni Rufiji 1968 na hadi anakufa akiulizia minazi yake.

Loevestein ipo Waal na Maas zilipokutana. Nasema zilipokutana kwa sababu Maas ilizibwa na kuelekezwa kwingine mwaka 1904, mito miwili ikiungana ilikuwa inawazamisha. Ngome ina handaki la maji pande zote na ndani ilikuwa gereza. Hapo alifungwa maisha Hugo de Groot, mwanasheria yule aliyeandika mwaka 1609 kwamba bahari haina mwenyewe, hoja ya kuwapinga Wareno, nao wakati huo wamejikita Fort Jesus pale Mombasa. Hugo, aliyekaa humo na mkewe Maria van Reigersberch, alikuwa akiletewa sanduku la vitabu, linaingia limejaa linatoka limejaa. Walinzi wakachoka kulifungua. Tarehe 22 Machi 1621 Hugo akajikunja ndani yake, wakambeba wao wenyewe hadi mashuani! Kijakazi Elsje akalisindikiza mpaka Gorinchem, ng'ambo ya mto, na bwana akatoroka amevaa kama fundi mwashi. Sanduku nimeliona. Mimi na urefu huu nisingeingia. Ila Amsterdam na Delft nako wanalo, na kila mmoja anasema lake ndilo.

Kitu kimoja nakuomba. Vijiji hivi vimeweka alama ukutani, mstari na mwaka, kuonyesha maji yalifika wapi. Ile alama ya matope ya mafuriko ya 2024 kwenye ukuta wa sebule ya shangazi, bado ipo? Kama hamjapaka rangi, chukua msumari uchore mstari hapo juu yake na uandike mwaka. Shangazi akifoka mwambie ni mimi nimekutuma.

Somo yako,
Zuhura