Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: kile kipindi kuhusu uonevu wa mtandaoni kiko wapi?

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Shikamoo. Mara tatu nimefunga genge langu la vitumbua nikaja ofisini, mara tatu nikaambiwa uko kikaoni. Nimeona nikuandikie hapa, labda huku hakuna kikao.

Jumapili binti yangu wa kidato cha pili alijifunika shuka akagoma kula. Wenzake wamekata sura yake kwenye picha, wakaibandika kwenye mwili wa mbuzi, wakatengeneza stika. Imezunguka Ngamiani yote. Mimi nimeonyeshwa na mteja, barabara ya 12, mikono ikiwa na unga. Kabla ya hapo walifungua akaunti kwa jina lake, ikawa inawaomba wanaume vocha. Na kabla ya hiyo walimtoa kwenye grupu la darasa, wakabaki humo kumjadili.

Shuleni mwalimu aliniuliza, "Wamemtukana?" Nikasema tusi hakuna. Akajibu basi ni utani wa watoto, na tena simu haziruhusiwi shuleni. Haya. Haziruhusiwi, kwa hiyo tatizo halipo.

Kwao uonevu ni tusi tu. Mmoja wa waliosambaza aliletwa na mama yake kuomba radhi, analia: "Mimi niliituma tu, sikuitengeneza." Nilimwamini. Nani alimfundisha kwamba kutuma nako ni kuonea? Bibi zetu wa Tanga wakitaka kusutana walivaa kanga. Ukiisoma unamjua mvaaji na nyumba yake, kesho nawe unanunua ya kumjibu. Stika haina mvaaji.

Nahisi yalianza binti yangu alipoongoza Hisabati. Mdogo wake anasema ni mambo ya mvulana. Sijui.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inamgusa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumuumiza mtu moyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Mtoto wa jirani simtakii kesi. Nataka ajue kabla hajabonyeza.

Na uliahidi. Kikao cha wazazi, mwezi wa tatu, ulisimama mwenyewe ukasema kila shule itatenga kipindi cha kuwafundisha aina za uonevu wa mtandaoni. Nilipiga makofi mpaka jirani akanitazama.

Basi tupe hicho kipindi. Maturubai na mgeni rasmi hatuhitaji. Dakika 40: waonyeshwe akaunti feki, kutengwa, kumwaga siri ya mwenzio, picha ya kubandika, na kwamba anayecheka akapeleka kwingine naye yumo. Waandikiwe ubaoni namba 116, ile ya msaada kwa watoto, wapige bure.

Kipindi kimoja, Mheshimiwa. Hata kikiwa cha mwisho Ijumaa, wakiwa wanasinzia. Binti yangu anatakiwa darasani Jumatatu, na ile stika bado inatembea.

Mama wa mwanafunzi,
Ngamiani, Tanga