Mdogo wangu, mwanao ameniuliza swali

Mdogo wangu,

Mwanao amenitumia ujumbe wa sauti. Namba yangu sijui aliipata wapi, nahisi Mama ana mkono wake hapo. Ni sekunde arobaini na kitu, nusu yake anapumua tu. "Baba mkubwa, wenzangu wananicheka kwa sababu nacheza kwa Modern. Wanasema mpaka nijue kombo ndefu ndiyo nitakuwa mchezaji. Ni kweli?" Kwa msiojua, anazungumzia gemu ya kupigana: Modern ni namna rahisi ya kutumia vitufe, kombo ni mapigo yanayofuatana bila kukatika. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayechungulia mlangoni: "Baba anasema wewe ndiye unayejua."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Sijamjibu. Nikimjibu bila wewe kujua, nitakuwa nimekupokonya tena kitu kilichomo mikononi mwako. Kukupigia siwezi, simu zangu hazipiti, na sababu unaijua. Basi naandika hapa, kwa kuwa Mama ananiambia huwa unapita kusoma, hata kama hujawahi kuacha neno.

Tuanze na la mtoto. Hao wenzake wanamwonea. Katika Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023, Modern iliwekwa na haohao waliotengeneza gemu. Pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo, na ukilitoa kwa njia hiyo ya mkato linapunguzwa nguvu kwa asilimia 20. Kwa hiyo anailipia kila anapoitumia, na hana deni na mtu yeyote. Adui akimrukia, anabonyeza, ngumi ya kupaa inamshusha. Aliyeko kwenye Classic, ile namna ya zamani ya kubonyeza, itabidi asukume mbele, chini, kisha pembeni katikati ya hizo mbili, apige ngumi, na yote hayo kabla mrukaji hajatua. Anayeanza akikosea mara tatu mfululizo anaacha kujaribu. Anabaki amejikunja kwenye kona, anarukiwa tu.

Na kurukiwa ndiko kunakowaua wanaoanza, wala si ukosefu wa kombo. Nimewatazama wengi. Anapoteza mechi kumi, anakimbilia chumba cha mazoezi kujifunza mfululizo wa mapigo tisa, anarudi, anapoteza kumi nyingine kwa sababu zilezile: anaruka bila mpango, anashambulia wakati zamu si yake, na mwenzake akipiga pigo kubwa likakosa, yeye amezubaa. Yale mapigo tisa hayapati hata nafasi ya kuanza. Mtoto akijua pigo moja la kuadhibu, na akajua lini adui yuko wazi, atawapiga wengi wa hao wanaomcheka.

Hayo yote uliniambia wewe. Nimeandika aya mbili nzima kama vile ni elimu yangu, na nakumbuka vizuri ulikuwa umekaa wapi ulipoyasema. "Mimi namtazama yeye," ulisema, "wewe unatazama vidole vyako." Nikakucheka.

Tulikuwa na Melee wakati ule. Kwa wengine mnaosoma: Super Smash Bros. Melee ni gemu ya mwaka 2001, na watu hawajaiacha kwa sababu ndani yake kuna mambo mengi ambayo kijitabu cha maelekezo hakiyataji. Wevudashi, kwa mfano. Unaruka, na kabla miguu haijaachana vizuri na ardhi unakwepa hewani kwa mshazari kwenda chini, mtu wako anateleza kama amekanyaga sabuni. Halafu kanseli ya L: ukishuka na pigo la hewani, bonyeza ndani ya fremu 7, yaani picha saba za skrini, kabla ya kugusa chini, na ule muda wa kuganda ukitua unakatwa nusu. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Fremu 7 hazifiki hata robo ya sekunde.

Nilikupa hayo yote ndani ya miezi mitatu. Nilikutoa kwa Marth, yule mpiganaji wa upanga uliyempenda, nikakuweka kwa mwingine, Fox, kwa sababu Fox ndiye wa watu wenye vidole. Kila jioni wevudashi mia kulia, mia kushoto. Ulipokosea nilikuwa nahesabu upya kutoka moja. Ulifika mahali ukawa unateleza vizuri kweli, tatizo likawa macho yako yamehamia kwa Fox, hujui tena adui yuko wapi. Ukawa unateleza kwa ustadi mkubwa moja kwa moja hadi kwenye ngumi yake. Nami nikahitimisha kwamba hujafanya mazoezi ya kutosha.

Sasa ile jioni.

Hayakuwa mashindano rasmi, lakini sebule ilijaa na kila mtu alikuwa na mdomo. Ulicheza na yule wa Samus, mpiganaji wa makombora. Mchezo wa kwanza ulitumia Fox ukapoteza, wa pili ukamrudia Marth bila kuniuliza ukashinda. Wa tatu mkafika roho ya mwisho, wewe umeumia asilimia 92, yeye 110 na kitu, na kadiri inavyopanda ndivyo pigo linavyokurusha mbali. Ulikuwa unatembea. Hakuna wevudashi hata moja, unatembea taratibu, kombora likija unainua ngao, unashusha, unapiga hatua mbili, unainua tena. Mtu nyuma yangu akasema, "Huyu anacheza kama anatafuta miwani." Wakacheka. Mimi ndiye niliyekuleta pale, nilikuwa nimewaambia wote kwamba nimekufundisha mwenyewe.

Nikainyakua padi.

Waya ulikupita magotini. Na wewe hukuiachia mara moja. Uliishikilia kama sekunde moja, hukuvuta, ulishika tu na kunitazama. Siku hizi nikilala ndiyo sekunde ninayoiona. Nilikuwa nakufokea juu ya fremu 7, na pale nilipewa 60, fremu 60 nzima za kuona uso wako na kuachia mkono. Sikuachia. Kombora likampata Marth katika hiyo sekunde, nikapata hasira zaidi, nikavuta. Nikateleza nyuma kwa wevudashi, Samus akakosa, nikampiga kwa ncha ya upanga akaruka nje ya jukwaa. Watu wakapiga kelele. Niligeuka nikuonyeshe jinsi inavyofanywa, na kochi lilikuwa tupu.

Nisichowahi kumwambia mtu ni kwamba ulikuwa unakaribia kushinda. Nimeirudia mechi ile kichwani mara nyingi. Kila ulipoinua ngao ulikuwa unampunguzia jukwaa, alikuwa amebakiwa na ukingo mgongoni. Hatua mbili tena, umkamate, umrushe nje, umngoje pale ukingoni akijaribu kurudi. Hiyo ndiyo Melee, na vidole havina kazi kubwa hapo. Uliona jambo ambalo mimi, na wevudashi zangu zote, sikuliona.

Hata hivyo nawe ukubali na langu. Sikukufundisha uongo. Huwezi kufika juu kabisa kwenye Melee bila vitu vile. Kuna siku ungekutana na mtu anayetembea na kuinua ngao vizuri kama wewe, halafu anateleza juu yake, na ungerudi kwangu ukisema kwa nini hukuniambia. Nilitaka usipitie nilivyopitia, mwaka mzima napigwa na watu waliojua siri ambazo hakuna aliyetaka kunipa. Nilikupa zote kwa mpigo. Kosa langu lilikuwa haraka, na ninaona ajabu kwamba kwa kosa la haraka mtu anaweza kunyimwa hata mwaliko wa harusi yako. Picha nilizionea kwenye simu ya Mama.

Naona nimeanza kujitetea. Nirudi.

Wenzake mtoto bila shaka wamemwonyesha ile video ya mwaka 2004 ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, kila anayeanza huonyeshwa. Daigo Umehara na mpiganaji wake Ken, uhai umebaki uzi, Justin Wong na Chun-Li wake anaachia pigo lake kuu. Kukinga kwa kawaida kungetosha kumwua, maana hata ukikinga linakula kidogo, na hakuwa na hicho kidogo. Akayapangua mapigo yote 15, moja moja, kisha akamaliza mechi. Ukumbi ulipasuka kwa kelele. Mimi nilikuonyesha video hiyohiyo nikakwambia, unaona vidole? Nilikuficha mambo mawili. La kwanza, Wong alitaka kummaliza kwa kile kipande kidogo tu cha uhai, na Daigo alilijua hilo, akawa anangoja. Alimsoma mtu kwanza, vidole vikafuata. La pili, Daigo hakuwa bingwa siku ile. Kwenye fainali alipigwa na Kenji Obata, na mechi hiyo hakuna anayemwonyesha mtoto.

Kwa hiyo nimeamua sitamjibu. Mjibu wewe. Mwambie abaki na Modern mpaka atakapochoka nayo mwenyewe. Mwambie kwa wiki mbili asihesabu ushindi, ahesabu mara ngapi amerukiwa na mara ngapi amemshusha mrukaji. Akipoteza, aitazame tena rekodi ya mechi yake atafute pigo la mwisho lililompata, ajiulize alikuwa anataka kufanya nini wakati ule. Mara nyingi atakuta alikuwa anataka kufanya kitu cha kupendeza. Usimsimamie nyuma ya kochi. Akitembea taratibu, mwache atembee.

Mimi mwambie tu ujumbe wake umefika, na sauti yake ni yako mtupu.

Ila akifika mahali pa kutaka hizo kombo ndefu, yaani yeye mwenyewe azitake, mlete kwangu. Hapo bado huniwezi.

Kaka yako