Watu milioni moja wa Dodoma wamepotelea wapi?

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia, gazeti lako lilikuwa bado linachafua vidole kwa wino. Safari hii mmenichokoza.

Ile habari yenu ya wanachuo kufundwa namna ya kutambua chanzo cha kuaminika mtandaoni, ambamo mtoa mada alisema anwani ikiishia na .org basi ni salama, mliichapa bila hata kukohoa. Anwani ya .org anauziwa yeyote mwenye hela, hata muuza karanga wa stendi.

Mjukuu wangu yuko mwaka wa tatu, chuo kimoja cha hapa hapa jijini. Alinipa utafiti wake nimsahihishie Kiswahili. Ukurasa wa pili nikakuta mkoa wa Dodoma una watu 2,083,588. Ya lini hii? “Ya mwaka huu, Babu. Tovuti tatu zinasema hivyo.” Tukazifungua. Ya kwanza haina jina la mwandishi, ila chini kabisa kuna mwaka, ule unaojibadilisha wenyewe kila Januari. Ya pili imenakili ya kwanza, hadi wilaya ya Kongwa kuandikwa “Kogwa”. Ya tatu imenakili ya pili, na Kogwa yake. Hao ni mashahidi watatu, au ni mmoja aliyebadili kanzu? Tarakimu yenyewe ni ya sensa ya 2012! Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625. Milioni nzima ya watu imefutwa, na msimamizi alishaweka tiki nyekundu. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko papa hapa Dodoma, ripoti zake zinapakuliwa bure.

Halafu hizo steshenari za jirani na vyuo! Umeingia kutoa kopi ya kitambulisho, unaulizwa kama unataka “risechi” iliyokwisha kuandikwa, wakubadilishie jina la wilaya tu. Nilionyeshwa moja ya wilaya ya Mpwapwa, huku bara kusiko na bahari, inayojadili uvuvi wa baharini.

Napendekeza hivi. Siku ya kutetea utafiti, mlinzi wa getini (si msimamizi, huyo tumeshamwona) achague vyanzo vitatu. Mwanafunzi avifungue mbele ya watu, aseme nani kaandika, lini, na takwimu kaitoa wapi. Akikwama, apande basi la alfajiri kwa nauli yake, akahesabu kaya za kijiji kimoja huko Kogwa. Msimamizi akae siti ya pembeni yake. Mtoa mada wenu wa .org awe kondakta.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Kizota, Dodoma